Maktaba ya shule isiyokula bando

Mei 2024 ilitufundisha wengi huku Kusini. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani, mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam kule Kilwa, mabasi yakalala njiani. Matope hayajakauka, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikapata hitilafu, intaneti ya nchi ikawa ya kubahatisha. Walimu waliozoea kutafuta maelezo ya somo usiku kwenye simu wakabaki wanatazama kile kiduara kinavyozunguka. Kwetu, juu ya uwanda wa Makonde, wilaya ya Newala, kidato cha pili waliendelea kufungua Wikipedia kama kawaida. Ilikuwa ndani ya kompyuta mpakato iliyokaa juu ya kabati la vitabu vya Jiografia, na kompyuta hiyo haijawahi kuwekewa hata vocha ya mia tano.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia. Ufunguo wa maktaba nilikabidhiwa kwa sababu siku ya kikao cha kugawana majukumu nilichelewa, na aliyechelewa hupewa kilichobaki. Sikusomea ukutubi wala TEHAMA. Ninayoyaandika hapa ni ya mwalimu mwenzangu aliyekabidhiwa ufunguo kama huo, kwenye shule ambayo mtandao unashika ukisimama karibu na mlingoti wa bendera, na ukisogea kidogo kuelekea bonde la Ruvuma simu inakukaribisha Msumbiji.

Hatua ya kwanza: azimio la kazi kabla ya kompyuta

Nilianza vibaya. Niliwauliza wenzangu, "Mnataka niwawekee nini?" Wote wakajibu, "Intaneti." Jibu hilo halikusaidii kupanga chochote. Muhula uliofuata nikabadilisha swali. Nikamfuata kila mmoja, azimio la kazi (mpango wake wa mada za kufundisha) mkononi, nikamwuliza: mada ipi hapa unaifundisha kwa taabu, kwa sababu vitabu havitoshi au kifaa hakipo?

Hapo majibu yakatoka. Mwalimu wa Baiolojia alinionyesha bango la mzunguko wa damu, moja tu shule nzima, na mchwa wamekula upande wa moyo. Wa Hisabati alisema wanafunzi wanamaliza mazoezi ya kitabuni haraka, naye anakesha akitunga mengine. Wa Kiswahili alitaka hadithi fupi, kwa kuwa wanaokuja kidato cha kwanza baadhi yao wanasoma kwa kufuata neno kwa kidole. Mimi mwenyewe nilikuwa na mada ya umeme na amita mbili, moja mshale wake haurudi kwenye sifuri.

Tulipata mada kumi na mbili. Daftari hilo ndilo lililoamua tupakue nini na tuache nini. Shule nyingi hujaza mashine kila kilicho bure, halafu mwalimu akifika anakuta bahari asiyojua aanzie wapi kuvua. Mada kumi na mbili zenye vitu vitatu vinne kila moja zinamtosha mwalimu kwa mwaka.

Angalizo la mtaala: tangu Januari 2024 mtaala mpya unaingia kwa awamu, ukianza na madarasa kadhaa ya awali na msingi pamoja na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali. Kwa hiyo usitumie orodha ya mada ya zamani kwa darasa ambalo limeshahamia mtaala mpya. Kaa na muhtasari ulio hai wa darasa husika. Vitu huria vya mtandaoni havikutungwa kwa ajili ya Tanzania, na kazi ya kuvioanisha na muhtasari wetu haifanywi na programu yoyote. Ni yako.

Hatua ya pili: hesabu kilichopo, na umeme wake

Fungua makabati. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu baadaye, na vingine vimelala droo hadi betri zimevimba. Vilivyo vizima vinafaa sana. Kompyuta mpakato kuukuu yenye RAM ya GB 4 inatosha kuwa seva ya darasa, yaani mashine inayovigawia vifaa vingine vilivyomo ndani yake. Rauta yoyote ya waifai inafaa, hata ile mtu aliyoiweka pembeni baada ya kuhama kampuni ya simu, mradi iwake na ukumbuke au uweze kufuta nywila yake. Haihitaji laini wala bando, kwani kazi yake hapa ni kuunganisha vifaa vilivyo chumbani tu.

Umeme wetu, pamoja na kuishi jirani na gesi ya Mnazi Bay, tunajua unavyokatika. Piga hesabu kabla ya kununua betri. Kompyuta mpakato hula takriban wati 30 ikifanya kazi nyepesi, rauta wati 6 hivi. Kwa saa 6 za siku ya shule ni wati 36 mara 6, yaani wati-saa 216. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na asidi ukiizoesha kuishusha chini ya nusu itakufa mapema. Hesabu 600, toa upotevu wa inveta, bado unabaki na siku mbili mawingu yakitanda, na juu ya uwanda huu ukungu wa asubuhi si jambo la kuhadithiwa.

Wapo watakaokushauri ununue Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kadi, inayokula wati chache tu. Ni nzuri na zipo programu zilizoandaliwa kwa ajili yake. Ushauri wangu: usianze nayo. Mfumo wake hukaa kwenye memori kadi, na umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, kadi huharibika na mwalimu wa Fizikia hajui aanzie wapi. Kompyuta mpakato ina betri yake tumboni, umeme ukienda haishtuki.

Hatua ya tatu: usiiamini flashi kwa maandishi yake

Hapa nilipoteza fedha, acha nieleze kwa kirefu. Duka moja mjini liliniuzia flashi iliyoandikwa GB 512 kwa bei ambayo ingepaswa kunishtua. Nikaijaza usiku kucha, nikapanda basi, nikafika shuleni, majina ya mafaili yote yapo, ukiyafungua ni matatu tu yanayofunguka. Flashi bandia huwa na chipu ndogo, tuseme ya GB 32, iliyofundishwa kuidanganya kompyuta kuwa ni 512. Ikijaa haisemi. Inaendelea kupokea huku data mpya ikifuta ya zamani. Orodha ya majina inabaki, vilivyomo vimekwenda.

Siku hizi flashi au memori kadi mpya haipati kazi kabla ya kupimwa. Kwa Windows ipo programu ya bure iitwayo H2testw. Huandika data hadi flashi ijae, kisha huisoma tena na kukwambia kiasi kilichorudi salama. Inachukua saa nyingi. Iache usiku. Ikibidi, muombe muuzaji akubali kwa maandishi kwamba utairudisha ikishindwa kipimo, na akisitasita hapo umeshapata jibu.

La pili kuhusu flashi: nyingi huja zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili moja inayozidi GB 4. Utaona nafasi tele, kompyuta inakataa ikidai faili ni kubwa mno. Iandae upya kwa exFAT kabla ya kuweka chochote, maana kuiandaa upya hufuta vyote vilivyomo.

Hatua ya nne: safari ya kupakua

Usipakue kwa bando la simu. Panga siku moja au mbili mahali penye intaneti ya waya. Mimi huenda Mtwara mjini kwa rafiki mwenye ofisi, naacha kompyuta ikifanya kazi usiku, asubuhi tunakunywa chai tunahesabu. Uwe na ile orodha ya mada kumi na mbili.

Cha kwanza ni Kiwix. Ni programu ya bure ya kusomea tovuti nzima bila intaneti. Tovuti hufungashwa kwenye faili moja la aina ya ZIM, unaliweka kwenye kompyuta na kulisoma kama kitabu. Ukifungua orodha ya mafaili utaona Wikipedia ileile ina matoleo kadhaa: "maxi" lina makala kamili na picha, "nopic" lina maandishi bila picha, "mini" lina utangulizi tu wa kila makala. Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha imeshapita GB 100. Usiibebe. Yapo mafungu kwa masomo, kama fizikia, kemia na tiba, yaliyo madogo zaidi. Ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo kiasi kwamba hakuna sababu ya kuikata picha, chukua nzima. Mafaili makubwa yapakue kwa torenti, njia ya kupakua kwa vipande, ili mtandao ukikatika uendelee ulipoishia badala ya kuanza upya.

Cha pili ni Kolibri, inayotengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani. Tofauti yake na Kiwix ni kwamba hii inajua darasa: unasajili wanafunzi, unagawa kazi, unaona nani amefanya zoezi na wapi amekwama. Maudhui yake yamo kwenye chaneli, yaani makusanyo ya masomo. Mwalimu wa Hisabati alipata mazoezi ya Khan Academy, shirika linalotoa masomo ya bure, na mashine inayasahihisha yenyewe. Tangu hapo analala. Shule ya msingi itafaidi Ubongo Kids, katuni za kwetu hapahapa Tanzania. Wakati wa kupakua, ingia ndani ya chaneli uchague mada unazotaka tu, maana video hula nafasi kuliko kitu kingine chochote. Kisha Kolibri hukuruhusu kuhamishia maudhui kwenye diski ya nje na kuyaingiza kwenye kompyuta nyingine. Kwa njia hiyo shule moja ikipakua, kata nzima inakula.

Cha tatu ni PhET, majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye skrini, yaliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya Fizikia ya 2001. Kila jaribio lina kitufe cha kupakua, unapata faili moja linalofunguka kwenye kivinjari chochote bila intaneti. Baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Mimi hupakua lugha zote mbili, nitaeleza kwa nini.

Kwa hadithi, African Storybook ina vitabu vifupi vyenye picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na unaweza kuvichapa. Chapa nyeusi na nyeupe kwenye karatasi za A4, kunja, piga pini mgongoni. Kijitabu cha hivyo kinaazimwa hadi kichakae, na kikichakaa unachapa kingine.

Vitabu vya kiada vya mtaala vinasomwa bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Hiyo inahitaji intaneti, kwa hiyo ni chombo cha mwalimu anapoandaa somo akiwa penye mtandao.

Hatua ya tano: bure si lazima iwe huria

Hili walimu tunalipuuza. Kitu kuwa bure kusoma hakumaanishi una ruhusa ya kukinakili, kukibadili au kukiuza. UNESCO ilipitisha Pendekezo la Rasilimali Huria za Elimu mwaka 2019, na kiini chake ni ruhusa: mwenye kazi ametangaza mapema kwamba wengine waitumie, waibadili, waisambaze.

Ruhusa hizo mara nyingi huandikwa kwa alama za Creative Commons. Ukiona CC BY, fanya utakalo mradi umtaje mwenye kazi. Ikiongezwa SA, ulichokibadili ukitoe kwa leseni ileile; Wikipedia iko hapo. Ikiongezwa NC, usifanyie biashara. Za Khan Academy ni za namna hiyo, kwa hiyo ukizichapa na kuwauzia wanafunzi kama notisi umevunja sharti. Ikiongezwa ND, igawe ilivyo, usiikate wala usiitafsiri. Kisichokuwa na alama yoyote kina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda. Vitabu vya kiada vya Taasisi viko kundi hili.

Yule mtu wa kwenye kundi la WhatsApp anayegawa PDF za vitabu vya waandishi walio hai, umshukuru kwa moyo wake lakini usiziweke kwenye mashine ya shule. Mkaguzi akiuliza zimetoka wapi, aliye na ufunguo ni wewe.

Hatua ya sita: washa mtandao wa ndani

Unganisha kompyuta na rauta, kwa waya ukiwa nao. Usitegemee uwezo wa Windows wa kugawa waifai yenyewe: hupokea vifaa vinane tu, na mara nyingi hukataa kuwaka pasipo intaneti. Rauta haina masharti hayo.

Ingia kwenye mipangilio ya rauta, uifungie kompyuta yako anuani moja isiyobadilika, kwa mfano 192.168.0.100. Usipofanya hivyo, kila ikiwashwa inaweza kupewa namba mpya, na anuani uliyobandika ukutani inakuwa uongo. Kisha washa Kolibri, washa na seva ya ndani ya Kiwix iliyo kwenye menyu yake. Kila moja hutumia namba ya mlango, kwa kawaida Kolibri ni 8080. Zikigombania mlango mmoja, moja itakataa. Mpe Kiwix 8090. Kwenye kishikwambi mwanafunzi anafungua kivinjari na kuandika 192.168.0.100:8080.

Haifunguki? Mara tisa kati ya kumi ni mojawapo ya haya. Windows imeuhesabu mtandao wako kuwa wa mtaani na kuziba njia: nenda kwenye mipangilio ya mtandao, badilisha kutoka "Public" kwenda "Private". Au kompyuta imelala: iwekee isilale hata skrini ikikunjwa. Au kishikwambi kimeona waifai haina intaneti kikarukia data ya laini: zima data, na kikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Siku ya kwanza hili la mwisho lilinila dakika thelathini na tano za kipindi cha dakika arobaini. Walimu wawili waliokuwa wamesimama dirishani waliondoka mmoja baada ya mwingine, kwa heshima.

Anuani iandike kwa rangi ukutani, kubwa. Wanafunzi wasajili kwa jina la kwanza na namba. Usijaze tarehe za kuzaliwa, simu za wazazi wala kitu kingine ambacho somo halikihitaji. Tangu 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na data za watoto si za kuchezea.

Hatua ya saba: darasani

Kidato cha pili chetu kina wanafunzi 54. Vishikwambi vizima ni tisa. Sita kwa kimoja, na hapo ndipo masomo mengi ya namna hii huharibika: mmoja anashika, wawili wanatazama, watatu wanaongea habari za mpira. Dawa niliyoipata ni karatasi. Kabla kifaa hakijawashwa, kila mwanafunzi anaandika utabiri wake na kuukunja. Aliyeandika utabiri anataka kujua kama amepatia, hivyo anatazama. Mshikaji hubadilika kila baada ya jaribio moja, na anayeshika haruhusiwi kuamua. Anaambiwa na wenzake.

Siku ya saketi swali lilikuwa: balbu moja inawaka, ukiongeza ya pili kwa mfululizo, mwanga utakuwaje? Ukiiongeza sambamba je? Wengi waliandika kwamba mwanga unapungua mara zote mbili, kwa sababu "umeme unagawanywa". Kosa zuri sana, lina mantiki ndani yake. Wakaunganisha. Kimya kidogo, kisha meza moja ikaanza kubishana na kifaa.

Kundi la nyuma halikubishana. Lilikuwa limevuta waya mmoja kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili, bila balbu, na betri ikawaka moto kwenye skrini. PhET imewekewa hivyo, miale ya moto inatoka. Kelele zilizopigwa zilimleta mwalimu wa darasa la jirani. Nilipouliza kimetokea nini, msichana mmoja akasema, "Mwalimu, umeme umepata njia ya mkato." Nimefundisha mada hii miaka mingi, na sijawahi kuieleza vizuri kiasi hicho.

Baada ya hapo tukashika betri halisi, waya na balbu ya tochi. Waya walipougusisha ncha mbili za betri kwa sekunde mbili ukawa wa moto, wakaachia wenyewe. Skrini iwe mlango wa kuingilia kwenye kitu halisi, kila unapokuwa na kitu halisi. Kama huna, basi, tumia skrini na usione haya.

Sasa kuhusu lugha. Watoto wetu wamesoma msingi kwa Kiswahili, wanafika kidato cha kwanza wanakutana na Kiingereza kila kipindi. Ninafungua jaribio la Kiswahili kwanza dakika tano, wakielewa ninahamia la Kiingereza, na wanaandika jozi za maneno ubaoni: mkondo, kinzani, saketi, kila moja na mwenzake. Kwa makala za Wikipedia ni vivyo hivyo. Toleo la Kiswahili mara nyingi ni fupi, lakini linampa mtoto mahali pa kusimama kabla ya kupanda la Kiingereza. Wafundishe pia kwamba makala yoyote inaweza kuwa na kosa, na waoanishe na kitabu.

Simu za wanafunzi haziruhusiwi shuleni, na mpango huu hauzihitaji.

Hatua ya nane: rafu na orodha yake

Maktaba ya karatasi isipopangwa, ya kompyuta haitaiokoa. Wapo wanaokimbilia Koha, programu huria ya maktaba iliyozaliwa New Zealand, ambayo jina lake kwa Kimaori ni zawadi. Kwa chuo inafaa. Kwa shule yenye vitabu elfu mbili na mwalimu mmoja ni kumfunga punda mzigo wa lori. Jedwali la LibreOffice Calc linatosha: namba ya kupokelewa, jina la kitabu, mwandishi, mwaka, namba ya rafu, idadi ya nakala, hali yake. Orodha hiyo ihifadhi mahali pawili, na moja isiwe kwenye chumba hichohicho.

Namba za rafu tumia za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa namba za mada, hata kwa ufupi: 500 sayansi, 630 kilimo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Fasihi ya Kiswahili ni 896.392, na kwa kuwa ndiyo rafu inayotembelewa kuliko zote kwetu, nimeiweka karibu na mlango. Sasa fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: kwenye jedwali lilelile, ongeza na vitu vya kwenye mashine. Mwanafunzi akitafuta "mzunguko wa damu" aone kitabu kilicho rafu ya 600 na video iliyo Kolibri kwa pamoja. Kwenye rafu nimebandika vikadi: "Ukimaliza hiki, fungua Kiwix, andika Tendaguru."

Kikadi cha Tendaguru ndicho kilichochakaa mapema kuliko vyote. Watoto wa Kusini hawajui kwamba kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria hapo Tendaguru, mkoani Lindi, na kwamba dinosaria mmoja, Giraffatitan, anasimama Berlin hadi leo, kimo zaidi ya mita 13. Wanapojua huuliza swali moja tu: atarudi lini?

Shule ikiwa na uwezo wa kumpeleka mtu kozi, chuo cha ukutubi kipo Bagamoyo, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba.

Hatua ya tisa: weka vya kwenu

Kolibri ina sehemu yake ya mtandaoni ya kutengenezea chaneli binafsi, inayopokea PDF, sauti na video. Tumeanza taratibu. Likizo ya Juni wanafunzi walitumwa kurekodi kwa simu za nyumbani: namna ya kuchuma korosho na kutenga daraja, namna maji yalivyokuwa yakitafutwa bondeni zamani, hadithi za Shimo la Mungu, lile bonde kubwa la hapa Newala. Waliambiwa waanze na "Shikamoo bibi, naomba ruhusa ya kurekodi sauti yako ikae maktaba ya shule," na wasubiri jibu. Bibi wawili walikataa. Hao hawakurekodiwa, na nilimsifia aliyeleta jibu hilo sawasawa na aliyeleta rekodi. Leseni tuliyochagua ni CC BY, majina ya wasimuliaji yakitajwa kama walivyotaka wenyewe.

Matunzo ni mafupi. Funika kompyuta kwa kanga, vumbi la msimu wa korosho linaingia kila tundu. Usiifunike ikiwa imewashwa. Chaji vishikwambi kila Ijumaa hata kama havijatumika. Mafaili ya Kiwix hutolewa mapya mara kwa mara, mara moja kwa mwaka inatosha kuyabadilisha. Fundisha wanafunzi wanne, wawili wasichana, kuwasha mfumo wote bila wewe, kwa sababu siku utakayougua ndiyo siku mkaguzi anakuja.

Na kando ya kompyuta weka daftari lenye safu mbili: jina la mada, na "sijapata". Mwanafunzi akitafuta kitu akakikosa, anaandika. Kila ninapojiandaa kwenda Mtwara kupakua, hilo ndilo ninalolifungua. Ukurasa wa mwisho una mashimo meusi, ukokotozi wa riba, ugonjwa wa ubwiri unga wa mikorosho, mwanasoka Marta wa Brazili, na kwa mwandiko wa mtoto wa kidato cha kwanza, ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu. Hilo la mwisho sikulipata hata Mtwara. Nimemrudishia daftari nikamwambia amwulize mama yake zinachimbwaje, zinapikwa kwa muda gani, aandike ukurasa mmoja. Ameshaleta nusu.